Vichwa vya Kondoo Nilivyovikataa Ruiru

Siku yangu ya kwanza kazini sikukata nyama hata kidogo. Nilifika machinjioni Thika saa kumi na mbili asubuhi, koti jeupe limepigwa pasi na mke wangu mpaka likawa gumu, gambuti mpya miguuni, kisu kipya kiunoni. Mkaguzi Mkuu wa Nyama, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, aliniangalia juu hadi chini, akanyoosha mkono, akakichukua kile kisu. Kisha akanipeleka kwenye zizi la kungojea.

"Wafula, hawa kondoo unawaona?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi waone mpaka saa nne. Nyama hukaguliwa ikiwa bado inatembea. Ikishaning'inia imekuficha nusu ya habari zake."

Nilikasirika sana. Nilikuwa na cheti cha chuo, nami nimesimamishwa zizini kama mlinzi! Lakini kufikia saa nne nilikuwa nimeona mmoja anayechechemea, mmoja anayekohoa, na mmoja aliyekuwa akizunguka peke yake upande wa kushoto, duara baada ya duara, huku wenzake wakila. Mkuu alipopasua kichwa cha yule wa mwisho, tulikuta ndani ya ubongo kifuko cha maji kikubwa kama yai la kuku, ngozi yake nyembamba, ukutani kwake vitone vyeupe vidogo vingi.

"Hivyo vitone ni vichwa vya tegu," akasema. "Kila kimoja kikiingia tumboni mwa mbwa kitakuwa mnyoo mzima. Mbwa haumwi, anabweka tu. Anakwenda haja malishoni, mayai yanabaki kwenye majani, mwana-kondoo anakula majani. Mayai yanaanguliwa, mtoto wa tegu anasafiri na damu mpaka kwenye ubongo. Miezi ikipita, kondoo anaanza kuzunguka."

Nyama ya kondoo huyo ilipita, ikapigwa muhuri wa buluu. Kichwa kilikataliwa. Kila tulichokikataa tulikichanja kwa kisu na kukimwagia rangi ya kijani, ili asitokee mjanja wa kukiuza. Nilirudi nyumbani mtaa wa Landless na vidole vya kijani, nikala ugali kwa mkono mmoja, nikamweleza mke wangu habari za tegu mpaka akaniomba nimwache ale.

Thika nilikaa miaka sita. Baadaye nilipelekwa upande wa mto Chania, ambako shida ilikuwa minyoo bapa wa ini. Hao hukua ndani ya konokono wa majimaji, na kondoo aliyelishwa kwenye matope huwameza pamoja na majani. Huko nilijifunza kuuliza maswali. Mtu hakuambii kondoo wake hula wapi ukimjia na sauti ya serikali. Ukikubali chai kwanza, atakuambia hata ambayo hukuyauliza. Watu waliniita ndagitari, yaani daktari kwa Kikuyu. Niliwasahihisha wiki mbili, ya tatu nikanyamaza, maana cheo cha bure hakikataliwi.

Kaunti zilipokuwa bado changa nilihamishiwa Ruiru, nikapewa machinjio madogo ya mtu binafsi yaliyokuwa nje ya mji, njia ya kwenda Theta. Nilikuwa mkaguzi pekee. Nawaambia bila haya, nilikuwa mzuri. Kondoo akishuka kwenye pikapu nilikuwa nimeshamsoma kabla kwato zake hazijatulia. Hakuna kichwa kibovu kilichonipita, na hilo nililisema mwenyewe pale penye watu bila kuulizwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona wale wa kuzunguka wakiongezeka. Nilimpelekea habari Daktari wa Mifugo, mama mmoja mkali aliyekuwa mkubwa wangu. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Unasema wameongezeka. Wameongezeka kiasi gani?"

"Ni wengi, Daktari."

"Wengi si hesabu. Nenda Theta, nyumba kwa nyumba. Nataka vitu viwili: ugonjwa umeenea kiasi gani, na ni mambo gani yanayomtia kondoo hatarini. Ukirudi na 'wengi' nitakurudisha huko huko."

Basi nikanunua daftari la shule na kuanza kutembea. Ana kondoo wangapi, wa umri gani, kwa maana wachanga ndio huugua zaidi. Ana mbwa wangapi. Wanafungwa au wanarandaranda? Wamewahi kupewa dawa ya minyoo? Na swali lililokuwa mzizi wa yote: mkichinja nyumbani, kichwa huenda wapi?

Hapo nilikutana na jambo la watu wa huko. Kondoo mzima akichinjwa, kichwa chake ni supu, na wazee hukigombania. Lakini kondoo aliyezunguka, hata nyama yake ikiliwa, hakuna atakayeweka kichwa chake sufuriani. Wanaogopa kile kichaa. Wafanyeje? Wanampa mbwa. Yaani kwa kuogopa ugonjwa, wanaurudisha palepale unapozaliwa. Nyumba baada ya nyumba majibu yalikuwa hayo, na daftari langu likanenepa.

Mpaka nilipofika kwa Mama Nyokabi. Alikuwa mjane, mwenye zizi safi kuliko nyumba za watu wengine, na kondoo tisa. Watatu walikuwa wanazunguka. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwatazama, na machozi yalikuwa karibu.

"Ndagitari, hawa si wa kuuza," aliniambia. "Kimani wangu anaoa. Wale wakwe wa Gatundu wamesema hawataki pesa pekee yake. Wanataka mwati ya kutoka hapa kwa boma yetu. Si ya soko. Sasa nitawapelekea kondoo wazimu?"

Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa, na katika mahari ya Kikuyu ndiye hufungua mlango. Kumpeleka mwati anayezunguka mbele ya wakwe ni aibu ambayo ukoo hauisahau. Wale watatu wote walikuwa majike wachanga.

Nikamuuliza swali langu la kichwa.

"Kichwa? Sisi huzika," akajibu. "Marehemu bwanangu alikuwa anachimba shimo refu. Na mimi nachimba. Simba hapati kitu."

Simba alikuwa mbwa wake, mmoja tu, mkubwa, mwekundu.

"Una uhakika, Mama?"

"Haiya! Nikudanganye niko na njaa gani?"

Sikumwamini. Majibu yake hayakulingana na ya Theta nzima, nami nilikuwa na fahari na hesabu zangu. Pale penye jibu lake nikaandika alama ya kuuliza, kubwa, naye akiniona. Nikamwambia awachinje wale watatu, na waliobaki tutaona.

Wiki iliyofuata nilirudi asubuhi mapema, nikiwa nimejiandaa kumbana mpaka aseme ukweli. Nilipokuwa nafungua lango, Simba akanipita mbio kutoka barabarani, akaenda kulala chini ya ghala la mahindi akijilamba. Nilimtazama. Mdomo wake wote, mpaka kwenye masharubu, ulikuwa wa kijani.

Niliijua rangi ile. Nilikuwa nayo chini ya kucha zangu wakati huo huo.

Sikubisha hodi. Niligeuka, nikarudi machinjioni kwa miguu, nikaenda moja kwa moja nyuma ya jengo ambako palikuwa na shimo la kutupia vilivyokataliwa. Lilikuwa limejaa mpaka juu, nyasi zimeota. Nikamwita msimamizi wa machinjio.

"Vichwa ninavyokataa vinaenda wapi?"

Alishangaa swali lenyewe. "Si huko nje ya ukuta, ndagitari? Shimo ilijaa kitambo. Mbwa wanamaliza zote, hakuna hata harufu. Nilidhani unajua."

Ningejuaje? Sikuwahi kwenda kuangalia. Kila jioni nililetewa fomu ya vilivyoteketezwa, nami nikatia sahihi, nikanawa, nikaenda zangu. Nilivichanja vile vichwa, nikavitia rangi, nikajisifu, halafu nikavigawa kwa mbwa wa Ruiru hadi Theta. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa koti langu jeupe. Nilisikia aibu ambayo hata leo nikiisimulia masikio yanapata moto.

Ningeweza kunyamaza. Msimamizi angechimba shimo jingine, mimi ningepeleka daftari, na Mama Nyokabi angebaki na alama yake ya kuuliza. Niliwaza hivyo njia nzima mpaka ofisini. Nilipofika mbele ya Daktari, maneno yakatoka yenyewe.

"Daktari, umeniuliza ni nini kinachowatia kondoo hatarini. Cha kwanza ni mimi."

Nilimweleza yote. Akanisogezea kalamu.

"Andika hivyo hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nitakupa barua ya onyo, na utaipokea. Halafu tutachimba."

Barua ilikuja kweli, ikaingia kwenye faili langu. Shimo jipya lilichimbwa refu, likajengewa kwa simiti, likawekwa mfuniko wa chuma na kufuli. Ufunguo ulikaa kwangu, na kuanzia siku hiyo sikuwahi kutia sahihi kitu ambacho sikukiona kwa macho kikiingia ndani. Daktari alitafuta dawa ya minyoo kwa mbwa wa Theta yote, nasi tukaenda boma kwa boma.

Lakini kabla ya dawa nilikwenda kwa Mama Nyokabi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kuketi kwenye kiti chake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Lete hiyo kitabu yako," alisema mwisho.

Nikamfungulia. Alikijua kile kijialama.

"Futa."

Nikafuta.

"Sasa andika jina yako hapo."

Nikaandika.

"Vizuri. Sasa kila miezi tatu utakuja kumpea Simba dawa. Wewe, si kijana wa ofisi. Na hiyo mdomo utaishika na mkono yako."

Nami nikaja. Simba hakunipenda, na nina kovu la kuthibitisha. Kila nilipokuja tulikwenda zizini kuwatazama wale sita waliobaki, tukihofia. Ugonjwa huu una subira mbaya. Kondoo anaweza kuwa amemeza mayai tayari, nawe usijue mpaka miezi ipite. Mmoja alianza kuzunguka tukamchinja, na kichwa chake nilikichukua mwenyewe hadi kwenye shimo la kufuli. Wakwe wa Gatundu walituma ujumbe mara mbili, wakiuliza kama Kimani amebadili nia. Mama akajibu mara mbili kwamba kondoo anakua. Kimani naye alikonda. Kisha majike wakazaa baada ya mvua ndefu, na wale wana-kondoo waliozaliwa kwenye malisho yasiyo na mayai mapya walikua wote bila mmoja kuzunguka.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga ofisi ilinipa saa ya ukutani na hotuba. Walisema mengi mazuri, na hawakuitaja barua ya onyo, kwa heshima. Mimi nilipopewa nafasi niliitaja. Vijana wakaguzi walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Nataka waijue. Kukikataa kitu kibaya ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Nusu ya pili ni kukifuata mpaka kiishe, hata kama umechoka na basi lako linaondoka. Hivi leo Theta plot zimejaa nyumba na malisho yamebanwa, lakini wenye kondoo bado wapo, na kondoo wa kuzunguka amekuwa jambo la kusimuliwa. Najivunia hilo kuliko muhuri wowote niliopiga.

Na kama mtaniuliza ni siku gani niliyolipwa kazi hii, si mwisho wa mwezi wowote. Ni Jumamosi moja kule Gatundu. Mama Nyokabi alikuwa ameniamuru niandamane na wazee wao kupeleka mahari. Nilivaa suti, nikakaa nyuma ya pikapu na mwati, mmoja wa wale waliozaliwa baada ya mvua. Langoni mzee wa upande wa binti akatusimamisha.

"Tumesikia kondoo za huko kwenu huzunguka," alisema, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakanyamaza kuimba.

Nilishuka, nikamteremsha yule mwati, nikamfungua kamba. Moyo ulinidunda kuliko siku ya mtihani wa chuo. Akasimama kidogo, akanusa, kisha akatembea moja kwa moja, akapita katikati ya wazee wote bila kupinda, mpaka kwenye shamba la sukuma wiki la mama mkwe, akaanza kula. Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe akapiga vigelegele huku akimfukuza.

Mzee yule alinigeukia, akanitazama vizuri. Aliona sura yangu, akasikia lafudhi yangu ya kwetu Bungoma, si ya Kikuyu, nilipomsalimu.

"Na wewe ni nani kwa hawa watu?"

Nilifungua mdomo niseme mimi ni mkaguzi wa nyama. Mama Nyokabi akaniwahi.

"Huyo?" akasema. "Huyo ni wa kwetu. Mfungulieni apite."