Siku Mbili za Sur

Mahrous wa Ibra, huku kwetu Omani, si mtu wa kukurupuka. Kazini kwake, ofisi ya umeme, ndiye anayepanga nani akasome mita za mtaa gani, na hakuna mtaa uliowahi kusahauliwa. Basi mwaka 2004, Mungu alipomjaalia Ghaniya binti wa Sur, nikahi ikafungwa mwezi wa nne na harusi ikawekwa wa saba, fungate yao aliipanga vivyo hivyo, kwa rula na kalamu mbili za rangi. Tena si fungate ya kujifungia chumbani siku saba kama ya bibi zetu. Hii ilikuwa ya kupanda ndege.

Likizo alipewa wiki mbili, hazizidi. Akenda Nizwa kwa rafiki yake Luay, mwenye ofisi ndogo ya tikiti, wakainamia ramani adhuhuri nzima. Beirut siku nne, kwa sababu mwaka ule kila bwana harusi alikuwa akenda Beirut na Mahrous naye ana roho. Kisha Sur siku mbili. Hapo usichanganyikiwe: Sur ya Lebanon. Wenzetu wa kule nao wana mji wa pwani uitwao Sur, na kwa Kiarabu unaandikwa kama huu wetu, herufi kwa herufi. Hilo lilikuwa ombi la Ghaniya. Alipokuwa na miaka tisa, barua ya mjomba wake kutoka Mombasa ilizurura miezi minne, na ilipofika ilikuwa na muhuri wa Lebanon mgongoni. Bahasha ile aliitunza, na tangu hapo akatamani kuuona huo mji ulioipata barua yao mwanzo.

Baada ya Sur ikaja Sham, ndiyo Dameski, siku tano, na mwisho Istanbul siku tatu. Istanbul ilikuwa ya Mahrous mwenyewe. Mama yake, Mungu amrehemu, alipohama Bujumbura na wanawe alibeba kopo la biskuti lenye picha ya daraja la Istanbul, na humo ndimo vilimokaa vyeti vyao vyote vya kuzaliwa. Mahrous alikua akilitazama daraja lile. Mama alipofariki Ibra, ndugu waligawana vitu, yeye akachukua kopo. Alikuwa amejiahidi kwamba siku moja atasimama juu ya daraja lenyewe.

Sasa, Luay akaiandika safari yote kwenye karatasi, kwa Kiarabu, kwa mwandiko wake mzuri. Kilichobaki ni radhi ya mama mkwe, na hapo ndipo penye kazi.

Bi Umkulthum alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaletwa Sur msichana. Watu wake ni wa bahari na biashara, na mkwe wa kutoka bara alimpokea kwa shingo upande. Kiswahili chake cha Bujumbura kilimchekesha. Alimwita "Bwana Mahrous", kwa ile adabu ya kumweka mtu mbali. Lakini tumtendee haki: kilichomtisha khasa si Bujumbura. Binti yake mkubwa, Fawziya, aliolewa mbali, Bahla, na baada ya harusi mama hakumtia machoni kwa miezi minane. Na huyu wa mwisho je, akishapandishwa ndege? Alikwishasema kwamba asiporidhika, hapana safari. Mahrous hakutaka radhi ya mdomo tu. Alikuwa hana mama, na alitamani kupendwa na huyu.

Alkhamisi moja akatia halwa garini, akaipita njia panda ya Jalan, akafika Sur kabla ya adhuhuri. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kahawa ikanywewa. Akaitoa karatasi. Bi Umkulthum akavaa miwani, akasoma kwa kidole, kama alivyofunzwa darasa la watu wazima. Beirut. Kidole kikashuka mstari wa pili, kikasimama. Kilisimama mpaka Ghaniya, aliyekuwa mlangoni na sinia, akasahau kulitua. Kisha yule mama akavua miwani akalia.

"Umenikumbuka," alisema. "Kati ya fungate yako, siku mbili za Sur. Mungu akukumbuke na wewe."

Mahrous akanyosha mkono aichukue karatasi amweleze. Hebu niambie, ungekuwa wewe ungesema nini? Kabla hajaifikia, Bi Umkulthum alikuwa ukutani anamwita jirani yake Khawla, ampe habari za mkwe anayemrudisha mtoto kwa mamake katikati ya fungate. Khawla akauliza imekuwaje mtu atoke Beirut, aje Sur, kisha arudi Sham. Bi Umkulthum akamwambia kwani ndege zote si zinapita Maskati. Karatasi akaomba abaki nayo.

Wiki mbili Mahrous hakulala vizuri. Ghaniya alimpigia simu akasema yuko tayari kuiacha Sur ya Lebanon, naye akakataa katakata. Akaamua kusema kweli, akaenda tena Sur kwa ajili hiyo tu. Akamkuta Bi Umkulthum juu ya ngazi, na umri wake ule, anatundika mapazia mapya chumbani. Akamshikia ngazi, akanywa chai, akarudi Ibra na maneno yake yote tumboni.

Siku ya pili alikuwa Nizwa. Akamwambia Luay aikate Istanbul, siku zake zipewe Sur ya nyumbani. Luay akamuuliza kama yu mzima. Akasema kata. Usiku huo lile kopo alilipandisha juu ya kabati, daraja likitazama ukuta, na iliwauma roho wote wawili, yeye na Ghaniya.

Harusi ikapita, wakasafiri. Beirut walikula mpaka wakacheka. Sur ya Lebanon Ghaniya alisimama mbele ya posta na ile bahasha mkononi, akanunua kadi yenye picha ya bandari. Sham wakazunguka masoko. Siku ya kumi na mbili wakashuka Maskati, wakaenda moja kwa moja Sur.

Nyumba ilinukia udi, kitanda kimetandazwa asumini, chakula kimefunikwa. Mama hayupo. Khawla ndiye aliyewapa ufunguo, akasema Bi Umkulthum amehamia kwake siku mbili, maana fungate haikai na mama mkwe. Mahrous akatoka hata viatu hakuvaa, akamkuta ameketi uani kwa Khawla, ameshajipamba.

"Mama," alisema, "hatukuifuata nyumba."

Mama akarudi naye. Ghaniya akafungua zawadi, sabuni za Sham na vikombe, na ile kadi ikaponyoka ikaanguka mkekani. Bi Umkulthum akavaa miwani. Akasoma kwa kidole: salamu kutoka Sur. Akaitazama bandari, haikuwa yake. Akaigeuza, akasoma Lebanon. Akenda kabatini akaleta ile karatasi, akaviweka viwili sambamba. Kidole kikashuka mpaka mstari wa mwisho.

"Istanbul mlikwenda?"

"Hatukwenda, Mama," alijibu Mahrous, macho chini.

"Kwa hivyo karatasini sikuwamo," alisema polepole. "Mmenitia wenyewe."

Akakishika kichwa cha mkwewe akakibusu. Kisha akauliza Istanbul kulikuwa na nini, na Mahrous akamweleza habari za kopo, mara ya kwanza kumtaja mamake katika nyumba ile. Akaulizwa jina lake. Asya, alisema. Bi Umkulthum akamwombea Asya pale pale, akamtaka mkwewe alilete hilo kopo alione.

Likaletwa. Akalipangusa, akatia ndani ile karatasi na ile kadi, akaliweka sebuleni, daraja likitazama mlango. Mgeni akiuliza ni la nani, humjibu, "La mama yake mwanangu."