Koti la Hasira la Murdakh

Sisi wa soko la Mahane Yehuda, hapa Yerusalemu, tulikuwa tukiamshwa na sauti ya Murdakh muuza nyanya. Aligombana na wateja, na wapagazi, na paka, na hata nyanya zenyewe zikithubutu kuiva bila idhini yake. Hakuwa mtu mbaya. Ila ulimi wake ulitangulia, akili ikaja nyuma ikihema.

Basi usiku wa Pasaka, usiku ambao Myahudi haweki hata chembe ya mkate nyumbani, ndio binti yake wa pekee, Gila, alioona unafaa kutangaza kwamba anaacha masomo ya uuguzi aende Haifa kujifunza kuoka mikate. Murdakh aliipiga meza hadi divai ikamwagika kwenye kitambaa cheupe.

"Ukivuka mlango huo, usirudi!"

Gila akauvuka, na hakurudi. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini nani husikia kabla hasara haijaingia ndani?

Mwezi wa Eluli ulipofika, mwezi wa toba, baragumu likilia sinagogini asubuhi kuwaamsha watu wajirekebishe, Murdakh alimwendea Rabi Zundel, mzee mwembamba wa Kilithuania aliyefundisha watu kuishika tabia moja mbaya na kupambana nayo mpaka ilegee. Mkurdi kama Murdakh kwenda kufunzwa upole na Mlithuania! Soko zima lilicheka.

"Samaki mkunje angali mbichi," Shabtai muuza samaki akamtania. "Wewe umeshakauka, bwana. Tukikukunja utavunjika."

Rabi hakucheka. "Chagua vazi moja," alimwambia, "liwe vazi la hasira. Usimkasirikie mtu yeyote mpaka uwe umelivaa."

Murdakh alichagua koti la sufu la marehemu baba yake, zito kama godoro, lililokuja nao kutoka Zakho, kwao Kurdistani. Akalitundika kabatini nyumbani kwake, ghorofa ya tatu juu ya soko, na jua la Eluli likiwaka nje. Kila alipotaka kumrukia mteja aliyeminyaminya nyanya, ilimbidi kwanza apande ngazi. Akifika katikati, pumzi imekwisha, na hasira nayo. Akisharudi, mteja keshalipa na kwenda zake.

Dawa ilifanya kazi, na hapo ndipo kichwa kilipomvurugika. Alinyamaza kama maji mtungini. Wateja wakamuuliza kama anaumwa. Nyumbani mkewe, Naima, alimtazama akinywa chai kama anayetazama mgeni.

"Baba Gila, una nini?"

"Sina kitu. Ninajirekebisha."

"Basi jirekebishe kwa sauti kidogo. Nyumba inatisha."

Alirudi kwa Rabi. "Rabi, nimekuwa mtu mwema, au nimekuwa mtu aliyenyamaza tu? Ndani sijui kuna nani. Nikijiita, siitiki."

"Swali zuri sana," akasema Rabi Zundel, akafunga kitabu. "Endelea kuliuliza."

Jibu gani hilo? Murdakh alitoka hapo amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Naima, kwa upande wake, alipiga simu Haifa. Baba yako amebadilika, akasema, njoo Ijumaa hii. Gila akakubali kwa shingo upande: Ijumaa moja tu, na kama mambo ni yale yale, asiitwe tena. Murdakh naye akaambiwa. Aliapa kwamba safari hii kinywa chake hakitamfukuza mtoto.

Gila alifika kabla Sabato haijaingia, lakini hakupanda. Aliketi chini kwenye ngazi za uani na mfuko wake mapajani, akisubiri kusikia sauti ya baba yake, ile inayofika mpaka mtaa wa pili, ajue ameamkaje leo. Hakusikia kitu. Mishumaa ikawashwa, watu wakarudi kutoka sinagogini, baba yake akapita mlango wa mbele asimwone gizani, na bado kimya. Mwishowe akapanda.

Alimkuta baba yake ndiyo kwanza amenawa mikono. Na mtu akishanawa, hasemi neno mpaka aonje mkate.

"Sabato njema, baba."

"Mm," akasema Murdakh, akamwonyesha kiti.

Gila alizijua desturi za kwao, akangoja. Baba akabariki mkate, akaukata, akauchovya chumvini, akampa kipande. Akatafuna. Akameza. Gila bado anangoja.

"Mkate umeshaliwa, baba."

"Karibu," Murdakh akasema taratibu, macho kwenye sahani, akiogopa neno la pili. "Supu ya madonge ya kube iko moto."

Naima alimkanyaga mguu chini ya meza. Murdakh akazidi kuwa mpole. Gila akaweka kijiko chini.

"Afadhali ungepiga meza," akasema. "Mtu humfokea mtu wake. Mgeni ndiye huambiwa supu iko moto. Nimeelewa, baba. Mimi si wa hapa tena."

Akasimama, akachukua mfuko. Murdakh naye akasimama, akamtazama mkewe, akautazama mlango, mwisho akaingia chumbani.

"Unaona, mama?" Gila akasema huku analia. "Hata kuniaga hataki."

Kabati likagonga. Murdakh akatoka amevaa koti la sufu, vifungo hadi kooni, jasho limeshaanza kumtiririka.

"Tangu Pasaka!" akanguruma, na glasi zikaitikia mezani. "Tangu Pasaka hupigi simu! Unakula nini huko, umebaki mifupa? Mama yako analia kwenye sufuria, supu haihitaji chumvi! Na huo mfuko una nini? Mkate? Umeoka mwenyewe, halafu umeuficha? Lete hapa! Nilikuambia usirudi, ndiyo, nilisema! Na wewe kwa nini ulinisikiliza? Lini, katika maisha yako yote, uliwahi kunisikiliza?"

Jirani wa chini akapiga dari kwa ufagio. "Murdakh amepona!" akapaza sauti.

Gila alikuwa amesimama pale pale, anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akainamisha kichwa mbele ya baba yake, kama alivyozoea tangu utotoni kila Ijumaa, kungoja baraka.

Murdakh akamwekea mikono kichwani. Mungu akufanye kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Hakujua kama amepanda au ameporomoka, kama mwezi mzima wa toba umeharibika kwa usiku mmoja au ndiyo kwanza umeanza. Matone yalimwangukia binti yake kwenye nywele, na hakujua kama ni jasho.

"Vua koti, Baba Gila," akasema Naima. "Utakufa kwa joto."

"Bado," akajibu, mikono haiondoi. "Bado sijamaliza kukasirika."