Maji ya Friji

Bi Hadubini, kama wanafunzi walivyombatiza, alikuwa mtu wa kutoamini hata kivuli chake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifundisha vijana wa utafiti kuchunguza nyuzi za ndani ya seli, zile zinazoshikilia umbo lake kama kenchi zinavyoshika paa. Aliyekosea kipimo alirudia tangu mwanzo, alie asilie.

Asubuhi hiyo roho ilikuwa juu. Saa nane mchana mwanafunzi wake angesimama mbele ya jopo kueleza kwamba dawa aliyoijaribu huyeyusha nyuzi hizo. Jopo likikubali, shahada ni yake. Bi Hadubini akawa anapitia daftari la binti huyo kwa mara ya mwisho, akakwama kwenye mstari mmoja. Sahani za seli zenye dawa zilioshwa kwa maji ya chumvi ya friji. Zisizo na dawa, kwa yale ya mezani, yenye uvuguvugu.

Baridi nayo huvunja nyuzi! Hilo alilijua kama jina lake.

Alichukua sahani isiyo na dawa hata tone, akaiosha kwa maji ya friji, akainamia hadubini. "Kaeni, tafadhali kaeni," alinong'ona, mtu mzima mzima akizibembeleza seli. Wapi! Palipokuwa na nyuzi za kung'aa palibaki ukungu wa kijani.

Binti aliingia amependeza, karatasi zake kifuani.

"Mwanangu, hebu kaa." Akamweleza yote bila kuzunguka.

"Lakini Mwalimu, si wewe uliyeniambia nitumie ya friji, ili dawa iache kazi upesi?"

"Ni mimi. Mazoea niliyotoka nayo maabara ya bakteria nilikoanzia kazi, wala sikuwahi kuyafikiria. Nitaliambia jopo hivyohivyo. Utarudia jaribio, nami nitakuwa nawe."

Binti alilia kidogo, akajifuta, akafungua ukurasa mpya na kuandika tarehe. Halafu kalamu ikasimama.

"Na walionitangulia, Mwalimu? Uliwafundisha vilevile?"

Bi Hadubini aliwahesabu kichwani. Walikuwa kumi na mmoja, na saba kati yao sasa walikuwa na wanafunzi wao. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akatoa simu mkobani, akatafuta namba ya wa kwanza.