Mukwe anazawadia binti yangu vijiko vya mama yangu

Admini, ficha jina langu, maana hapa Kindu hata mbuzi wananijua. Nina miaka arobaini na sita, masomo niliacha njiani, lakini nimetembea: Goma, Bujumbura, mpaka Kigoma. Ninanunua vitu vya wakati wa ukoloni wa Babelji. Nipe kijiko nikigeuze, nitazame chapa ya kiwanda nyuma ya mukono wake, nitakuambia kama ni feza kamili ao shaba iliyopakwa feza juu. Wazungu wenyewe wananiuliza! Sina mupinzani kutoka gare ya treni mpaka mutaa wa Alunguli.

Ufundi huo nilijifunzia kwa vijiko vya mama. Baba alikuwa mufanyakazi wa reli. Chef wake, Muzungu, alipoondoka alimuachia vijiko vya kupakwa, chapa yake kindege kilichochorwa ndani ya kisanduku. Mama alivisugua kwa muchanga wa muto Lualaba, tena kwa mukono wa kushoto, mpaka kichwa cha kindege kikaisha na shaba ya manjano ikatokea upande mumoja. Nilimuambia, "Mama, unamuchinja ndege!" Akacheka: "Kula wali wako, huyu hata mafuta hana."

Vita ilipotufikia tulikimbilia porini. Jirani yetu wa mutaa wa Mikelenge, mutu wa kanisa, alibaki, akasema atachunga nyumba. Kurudi: nyumba tupu. "Askari wamebeba yote," alituambia na machozi. Mama alitoka porini na kikohozi, akafa akiwalaani askari. Jirani njo yeye aliongoza maombi ya matanga.

Sasa kijana wake anataka kumuoa binti yangu. Kijana muzuri, sina neno. Majuzi walitualika kula. Niko katikati ya wali na samaki, nachekesha batu kama kawaida, nikageuza kijiko. Kugeuza vijiko njo ugonjwa wangu. Kindege bila kichwa. Shaba upande ule ule. Kidole kilikijua kabla ya macho.

Wapendwa, nilitapika nyuma ya jiko lao. Muzee, jirani yule yule, akanifuata: "Mukwe, samaki yetu haikukupendeza?" Nikamuuliza vijiko vilitoka wapi. Bila kupepesa macho: "Vya marehemu baba yangu." Baba yake! Mutu yule kijiko alikiona hospitali tu, tena na dawa ndani. Tangu siku ile wali unanitia kinyaa, nikimeza naona machozi yake ya uongo.

Siku ile nilirudi kukaa mezani, maana binti yangu alikuwa ananitazama kwa furaha. Jana wametuma vijiko vyote, vimefungwa ndani ya kitenge kipya: "Urithi wa ukoo wetu, kwa bibi-arusi." Bibi yangu, mama ya binti, niliyemuambia yote, anasema: "Baba, si vimerudi nyumbani? Achana nayo." Binti hajui kitu. Yuko uani anavisugua akiimba, kwa mukono wa kushoto, kama nyanya yake.

Siku ya posho, Jumamosi hii, wanakuja kufunga maneno ya ndoa. Kwetu baba wa binti anasimama, anakamata zawadi mukononi, anashukuru mbele ya batu wote. Nikisema ukweli, ndoa inakufa. Nikishukuru, nimemuambia mwizi wa mama yangu aksanti. Mimi mwenye maneno kama redio, leo naomba yenu. Ndugu zangu, mungekuwa mimi, siku ile mungefungua kinywa kusema nini?