Mkono Kichwani mwa Mtoto

Utotoni mwangu, pale Kirumba, kichwa cha mtoto hakikuguswa na mtu baki. Tuliambiwa kwamba penye watu wengi mchawi hahitaji dawa. Anakupapasa utosini kama anayekusalimia, na jioni homa inakuchukua. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha. "Watu wakijaa, weka viwiko mbele. Mtu akikugusa, usipige kelele. Jitoe polepole, uje kwangu."

Ilikuwa miaka ya foleni. Siku sabuni ilipofika duka la ushirika tulisimama tangu alfajiri, na jua lilipopanda foleni ikavunjika, watu wakabanana. Mwuzaji alirudia, "Ndugu wananchi, msisukumane," hakuna aliyemsikia. Mbele yetu alikuwa jirani yetu, Mama Regina, na mwanawe mdogo amemng'ang'ania kanga. Nyuma wakasukuma. Mtoto akayumba kwenda chini ya miguu ya watu, Bibi akamdaka kwa kilichokuwa karibu: kichwa.

Mama Regina aligeuka, akauona ule mkono. Kisha akayaona macho ya Bibi, mekundu kwa miaka ya kubanika samaki, kama vile hajapata kuyaona.

"Unamtafuta nini mtoto wangu, we bibi?"

"Alikuwa anaanguka, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Bibi alifanya kama alivyonifundisha. Hakupiga kelele, alianza kujitoa polepole. Hilo ndilo lililommaliza.

"Mnaona anavyoondoka?" mwanamume mmoja akasema. "Mtu safi angejitetea."

Wakamvua kilemba, wakacheka. "Na halii," mwingine akasema. "Mchawi hana machozi." Watu waliomwamkia shikamoo asubuhi ile wakampiga mpaka mkono ukavunjika. Mwuzaji alifunga dirisha.

Jioni, nikimshikia kikombe cha uji, nilimtukana Mama Regina kwa kila tusi nililolijua. Bibi alininyamazisha.

"Mwache. Angekushika wewe kichwa mtu nisiyemwamini, ningefanya kama yeye, na zaidi."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia wote. Watu huniambia ule ulikuwa moyo wa kusamehe. Mimi sipendi kuzungusha maneno: Bibi aliamini kama wao. Samaki wake hawakununuliwa tena, mkono uliunga kombo, naye akafa akiwa na hakika kwamba wachawi wapo, ila siku ile watu walikosea mtu.