Ukuta Nilioufunika kwa Magazeti

Harufu ya samadi mbichi iliyokandwa na majivu ndiyo iliyotuambia, kule Manga katika vilima vya Kisii, kwamba Desemba inakaribia. Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa amemaliza kukandika nyumba, na kwenye ukuta wa sebuleni akachora kwa vidole mistari ya majivu meupe na udongo mwekundu, ikipanda na kushuka kama vilima vyetu. Wanawake wa jirani walikuja kuutazama, wakaenda kuiga. Mimi niliona ushamba mtupu.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiingereza, Mtaita asiyejua Ekegusii, lugha yetu, alitufundisha neno "decorate". Alisema ni kupamba kitu kipendeze, kisha akataka kila mtu atunge sentensi kuhusu kwao. Nikasimama, nikasema sisi hupamba nyumba yetu kwa picha. Alifurahi, akaahidi kupita kwetu Jumapili baada ya kanisa. Nilitamani ardhi inimeze, maana picha hatukuwa nayo hata moja.

Jumamosi, mama akiwa shambani akichuma pareto, nilipika gundi ya unga nikaufunika ukuta wote kwa magazeti ya zamani yenye picha. Aliporudi alisimama mlangoni, kikapu kichwani. Nikamweleza kwamba mwalimu anakuja, na kwamba hivi ndivyo watu waliosoma wanavyopamba nyumba.

"Na nilichofanya mimi kinaitwaje?" akauliza.

"Huo ni udongo tu, mama."

Hakunigombeza. Alitua kikapu, akanishikia gazeti la mwisho ili nilibandike lisiende upande.

Mwalimu alikuja, akapewa uji wa wimbi. Kona ya gazeti moja ilikuwa imebanduka. Akaiinua, akachungulia, akainua zaidi, kisha akanigeukia.

"Mwambie mama yako huku ndiko kupamba. Haya magazeti yatoe."

Mama hakujua Kiswahili. Alinitazama, akingoja nimfasirie. Nilijua nikisema kweli nitakuwa nimejiumbua mbele ya wote wawili.

"Anasema uji ni mtamu," nikamwambia.

Desemba iliyofuata mama alikandika ukuta akauacha hivyo hivyo, na hakuchora tena. Leo nyumba yangu mjini Kisii imepakwa rangi na fundi, picha zimejaa ukutani, na wageni wakizisifu natazama chini kwa aibu. Nilikuwa na miaka ishirini ya kumwambia ukweli, na kila nilipokwenda nyumbani niliahirisha. Mama alikufa akijua kwamba mwalimu aliupenda uji wake.