Dalali Aliyekosa pa Kuzikwa

Dalali wetu mkubwa wa mashamba amefariki dunia. Habari ilinifikia asubuhi nikinywa kahawa, na aliyeniletea hakuanza na msiba mzito wala kazi ya Mungu. Alisema tu, "Yule bwana amekufa, na hawajui wamzike wapi." Nilidhani anatia chumvi. Mtu aliyewauzia wageni ardhi kutoka Malindi hadi Kilifi, mtu ambaye madalali wenzake wote walimwita mwenyekiti, ati leo amekosa shimo! Kumbe ni kweli. Maiti ilikuwa mochari, na mamake mzee alikuwa ameketi kijijini kwao Ganda, nje ya ukuta mpya wa mawe. Ndani ya ukuta huo ndimo lilimo kaburi la mumewe, na hapo kando yake ndipo alipotaka mwanawe alazwe. Askari wa lango alikuwa na amri asimfungulie mtu. Najua, wasomaji wangu, kwamba desturi yetu ni kumsifu aliyetangulia. Leo mtaniwia radhi. Sifa sina, nina niliyoyaona.

Tulijuana miaka mingi, mimi nikimwandika na yeye akinicheka. "Andika, kaka, andika," alikuwa akiniambia. "Wewe andika, mimi niuze, tuone nani atajenga kwanza." Alijenga yeye. Ofisi ya maana hakuwa nayo, kwani kazi yake aliifanyia matangani. Kukitokea hanga popote, yeye wa kwanza kufika, kabeba sukari na unga, uso kaukunja kwa huzuni. Kisha angekaa karibu na wapishi, masikio wazi, asikie ni ndugu gani hawasemezani. Kabla watu hawajatawanyika, alikwishamjua mrithi anayetaka kuuza. Kwa matajiri wa mjini alivaa kofia ya vito iliyodariziwa na kusalimu kwa salamu ndefu. Kwa Wakristo wa bara alitoa msalaba mfukoni akauning'iniza shingoni. Siku moja nilimwuliza, "Na hawa wanaokaa kwenye hayo mashamba, watakwenda wapi?" Akacheka. "Hao ni maskwota, kaka. Skwota ni kama majani tu, mwenye shamba akilima yanatoka." Astaghfirullah! Na huyo aliyekuwa akisema hivyo ni mtoto wa skwota. Kwetu huku ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na nyumba na miti iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Babake alijenga na kupanda minazi na mikorosho kwenye shamba la tajiri wa mjini ambaye hata kulikanyaga halikanyagi. Hapo ndipo alipomlea huyu bwana, na hapo ndipo alipozikwa.

Lakini ujanja wake ulionekana hasa kwenye siasa. Wengine huwaomba wanasiasa, yeye aliwalea. Wakati wa kampeni alitoa magari, akapanda majukwaa ya vyama vyote, na nyuma ya gari lake mlikuwa na fulana za kila rangi. Uchaguzi ukiisha, yeyote aliyeshinda alikuwa mtu wake. Basi ikaja sheria ya ardhi kujadiliwa, na ndani yake kifungu kimoja kizuri: anayeuza shamba lenye watu awaite kwanza wakaazi wake, waoneshe nyumba zao, miti yao na makaburi yao, na makaburi hayo yaachiwe njia hata baada ya kuuzwa. Madalali wakawaka moto. Kikao cha kutoa maoni kilipoitishwa, ukumbi ulijaa watu waliosombwa kwa mabasi kutoka kusikojulikana, wameshiba biriani, wamefundishwa kusema neno moja tu: maendeleo. Mwenyekiti wa madalali akasimama, sauti laini kama ya bwana harusi. "Waheshimiwa, shikamooni. Sisi madalali ni watoto wenu. Lakini mwekezaji ukimwonesha kaburi, anapanda ndege anarudi kwao. Na wafu, waheshimiwa, hawalipi kodi." Ukumbi ukaangua kicheko. Wanawake wawili watatu wa Ganda waliinua mikono, na kipaza sauti kikapita mbele yao kikaenda kwa wala biriani. Kifungu kikafutwa, na jioni ile madalali wakachinja mbuzi.

Nilimvizia mlangoni. "Na kaburi la babako?" nikamwuliza. Alinishika bega kama anayemhurumia mjinga. "Kaka, sheria ni ya watu. Mimi nina mheshimiwa. Ameshaniahidi, pale kwetu haguswi mtu." Hebu fikirini! Mtu aliyeishi kwa kuwalisha wengine ahadi za mdomo, akawahamisha kwa ahadi hizo wake kwa waume, naye akaipokea ahadi ya mdomo akaiweka moyoni kama hatimiliki. Nilimdharau kwa uchoyo wake, lakini siku ile nilimdharau zaidi kwa upumbavu wake.

Warithi wa yule tajiri walipotaka kuuza, walimpata dalali mwingine wa chama kilekile cha madalali, kijana aliyefundishwa kazi na mwenyekiti mwenyewe. Mwenyekiti alipata habari lori likimwaga mawe. Alimpigia mheshimiwa simu, akaambiwa yuko mkutanoni. Akapiga tena, bado yuko mkutanoni. Ukuta ukapanda, nyumba ya mamake ikavunjwa, minazi ikaangushwa. Alimbembeleza mama ahamie kwenye ghorofa lake la mjini, naye akakataa katakata, akaomba chumba kwa jirani ili asiwe mbali na mumewe. Tangu hapo yule bwana hakuonekana tena matangani. Wanasema kilichomuua ni presha.

Nilikwenda Ganda. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kuandika?" "Nimekuja kukupa pole." "Pole nimepewa nyingi," akasema. "Nataka shimo." Mheshimiwa alifika na msururu wa magari, akainama kumpa mkono. Mama hakuupokea. Alimwambia, "Mwanangu aliwaombeeni kura. Mimi nawaomba pahali pa kumlaza tu." Kwa haya ya watu waliokuwa wakimtazama, mheshimiwa akampigia simu wakili wa mwenye shamba, na sote tukalisikia jibu: mteja wake anawapa pole wafiwa, lakini hakuna sheria inayomlazimu kufungua lango. Nani alikuwa hajui kwa nini haipo? Mheshimiwa alikohoa. "Mama, suala hili tutalifuatilia." Loo! Watu hawa hata hawaoni haya.

Tukamzika kwenye makaburi ya umma, baina ya watu asiowajua. Madalali walikuja na fulana nyeusi zenye picha yake, na mheshimiwa akamwita shujaa wa maendeleo. Alipomaliza, mama alinyanyuka, akajishikiza kwa fimbo, akamgeukia. "Baba yake yuko ndani ya ukuta. Mwanangu nimemwacha hapa. Na mimi mtanitia wapi?" Mheshimiwa alitazama saa yake. Madalali walitazama chini.

Mwenyekiti alidhani anaifuta haki ya watu wengine, watu wa kucheka nao ukumbini, na siku ile mkono aliounyima kipaza sauti ulikuwa sawasawa na mkono wa mamake. Haki haiwezi kuondolewa kwa jirani ikabaki kwako, hata uwe na waheshimiwa wangapi mfukoni. Basi mkiitwa tena kutoa maoni, ndugu zangu, biriani yao msiile. Nendeni na njaa, mkae mbele, na kabla hajapewa dalali yeyote nafasi ya kusema, mwulizeni mheshimiwa swali la yule mama. Msikubali kutoka ukumbini mpaka awajibu.